Karatasi na Pacha Wake

Kitu cha kwanza alichokiona Sajini kilikuwa vidoa.

Vilikuwa vidogo, vya rangi ya kutu, vimesambaa kwenye daftari lililofunuliwa mezani, ukurasa wa kushoto ambao mtu hakuandika hata nukta. Aliviona kabla hajavuta kiti. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kuropoka, akavinyamazia, akageuka kumwamkia mwenye chumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Kile kiti cha mwisho kinayumba, asikikalie mtu mzito."

Inspekta alikuwa amekwisha kukikalia. Kiti kikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Inspekta akajifanya hakusikia, akatoa kioo kidogo mfukoni, akautazama mustachi wake upande huu na upande huu, akauridhia, akakirudisha.

"Saa ngapi, Sajini?"

"Saa nne na robo, Afande."

"Basi tuna saa mbili kasorobo. Saa sita kamili funguo zinakabidhiwa, na mimi narudi ofisini kunywa chai."

Funguo zenyewe zilikuwa mezani, sita, zimefungwa kwa kitambaa chekundu. Zilikuwa za nyumba hiyohiyo waliyokaa ndani yake: nyumba ya vyumba vinne na baraza, yenye rafu za vitabu kuanzia sakafuni hadi karibu na dari. Miaka ishirini iliyopita Mwalimu mmoja mstaafu aliitoa iwe nyumba ya kusomea watu wote, akahamia kwenye chumba cha uani mpaka alipofariki. Tangu siku ya kwanza mlezi wa nyumba alikuwa mama huyu, ambaye mji mzima ulimwita Mama Vitabu, hata wasiojua kusoma.

Nje, kwenye uzio, watoto walikuwa wamejipanga na madaftari yao kwapani. Mlango ulikuwa haujafunguliwa siku ya tatu sasa.

"Mama Vitabu! Leo tunafungua?" sauti moja ikaita.

"Ngojeni, wajukuu!" akajibu dirishani. Alijitahidi sauti iwe na furaha, lakini iliporudi chumbani ilikuwa imechoka.

Mtu wa nne mle chumbani hakuwa amesema kitu. Alisimama karibu na mlango, viatu vinang'aa, bomba la kubebea michoro likining'inia begani. Alikuwa mpwa wa marehemu Mwalimu, mchoraji wa ramani za majengo, na kazi yake ilisifiwa: ilisemekana akichora mstari kwa mkono mtupu, rula inaona haya.

"Dada yangu," akamwambia Sajini kwa upole, "fanyeni kazi yenu bila wasiwasi. Mimi sina haraka. Nimesubiri miaka ishirini."

Inspekta akakohoa. Alipenda kueleza kesi kwa vidole, na Sajini alijua kwamba vidole vikishaanza kukunjuka, afadhali kungoja viishe.

"Daftari hili ndilo Daftari la Wafadhili. Kila aliyetoa kitu kwa nyumba hii ameandika humu kwa mkono wake. Mwalimu aliandika ukurasa huu wa kulia. Hakuna hati nyingine. Mashahidi wawili waliotia saini wote wametangulia. Sasa, ukurasa unasema hivi." Akasoma kwa sauti ya mahakamani. "'Naiazimisha nyumba yangu kwa muda wa miaka ishirini, kisha irudi kwa ukoo.' Miaka ishirini imetimia leo. Mama Vitabu anasema haya siyo maneno ya Mwalimu, kwamba karatasi imebadilishwa. Haya. Tumeita mtaalamu wa mwandiko. Kasema ni mwandiko wa Mwalimu. Tumeita mtaalamu wa wino. Kasema ni wino uleule wa kurasa nyingine. Karatasi nayo ni ileile, rangi ileile, unene uleule. Halafu tukafungua mtoto wa meza."

Akavuta mtoto wa meza. Ndani mlikuwa na wembe, brashi na kopo la gundi nyeupe.

"Hiyo ni gundi yangu ya unga," akasema Mama Vitabu. "Naipika mwenyewe. Watoto wanachana, mimi nabandika. Ndiyo maisha yangu."

"Na kwenye daftari hili, ulibandika?"

Mama Vitabu akatazama mikono yake.

"Nilibandika."

Mpwa akacheka kwa pua, kicheko kidogo cha adabu. Inspekta akamtazama Sajini kwa macho ya kusema: umeona? Ikiwa mwanamke huyu alilichezea daftari kisha akaja polisi kulalamika kuwa limechezewa, basi saa sita asingekabidhi funguo tu. Angepanda gari la polisi. Na ndivyo Inspekta alivyokuwa ameandika tayari kwenye fomu, ilibaki saini.

"Ulibandika karatasi ipi, mama?" akauliza Sajini.

Katika siku tatu hizo, watu walikuwa wamemuuliza kwa nini, lini, na kwa faida ya nani. Hilo halikuwa limeulizwa.

"Si hii. Ni nyingine, huko mbele kidogo. Niliikuta inaning'inia, haina kitu ila orodha ya vitabu vya mama mmoja muuguzi. Nikaona aibu, nikaibandika. Sikufikiri."

"Ulipoibandika, uliutazama ukurasa wa Mwalimu?"

"Sikuutazama. Niliuona siku mbili baadaye, barua ya wakili ilipokuja kuninukulia maneno ambayo siyajui."

"Visingizio," akasema Mpwa.

"Afande," akasema Sajini, "naomba nilishike daftari."

Inspekta akapumua kwa nguvu. "Haya yameanza. Bwana, vumilia kidogo. Huyu sajini wangu kituoni tunamwita Mwanafunzi. Mwaka juzi alijifunza nyuki. Nyuki! Tukawaza labda anataka kukamata wezi kwa miiba. Mwaka jana viatu, kushona soli. Halafu kuimba kwa noti. Sasa kila Jumamosi yuko kwa mzee mmoja anajifunza kushona vitabu. Nikamwuliza, Sajini, wewe unashona vitabu, wezi nao wanajifunza nini?"

"Ukaniuliza mbele ya kituo kizima, Afande."

"Na hukujibu."

"Nilikuwa sijui."

Akafuta mikono kwa leso, kidole kwa kidole, kama yule mzee, Fundi, alivyomzoeza. Katika karakana ile ya Jumamosi hukugusa kitabu mpaka Fundi akukague viganja kama mtoto wa shule. Akalivuta daftari, akalilaza kwenye mwanga wa dirisha, na hakusoma neno hata moja. Akalitazama mgongo. Akalitazama kutoka juu, pale karatasi zinapoonekana kama mafungu ya mboga. Kisha akaanza kufunua huku akihesabu kwa midomo bila sauti.

"Afande, nipe karatasi nne za kijitabu chako."

"Hizo ni za serikali."

"Nitazirudisha."

Inspekta akachana nne. Sajini akazipanga, akazikunja pamoja katikati mara moja, akapata kijitabu kidogo.

"Daftari kubwa linatengenezwa hivi. Karatasi nne zimekunjwa pamoja, zinakuwa nane, uzi unapita hapa kwenye mkunjo. Fungu moja hilo. Halafu fungu jingine, na jingine, mpaka daftari linakamilika. Kwa hiyo hakuna karatasi inayokaa peke yake. Ya kwanza na ya nane ni karatasi moja. Ya pili na ya saba. Ya tatu na ya sita. Ya nne na ya tano. Fundi wangu anaziita mapacha."

"Tumeelewa, tumeelewa. Endelea."

"Chagua moja uichane, Afande. Ichane karibu kabisa na mkunjo, isionekane."

Inspekta, ambaye alipenda kuchana vitu, akachana ya tatu kwa uangalifu mkubwa, ulimi nje. Sajini akakishika kijitabu kwa mgongo na kukitikisa. Karatasi ya sita ikachomoka, ikaelea, ikatua juu ya kiatu cha Inspekta.

Mama Vitabu akaweka kiganja mdomoni.

"Ukurasa wa Mwalimu," akasema Sajini, "uko kwenye karatasi ya tatu ya fungu lake. Mama, ile uliyoikuta inaning'inia ni ipi?"

Mama Vitabu akasogea. Akafunua polepole, moja, mbili, tatu, akaweka kidole. Gundi ya unga ilionekana hapo, nyeupe, iliyofifia, yenye nyufa ndogo.

Sajini akamwachia Inspekta ahesabu. Inspekta akahesabu mara moja. Akahesabu tena, safari hii kwa sauti.

"Ya sita," akasema.

"Mtu alikata ya tatu akaweka nyingine. Alikuwa mwangalifu mno, alikata mpaka kwenye uzi ili kisibaki kipande cha kumsuta. Angebakiza upana wa ukucha tu, pacha wake angeshikwa. Hakubakiza, na hakujua kama kuna pacha. Mama akaja na kopo lake, akaikuta ya sita imelegea, akaiganga bila kujiuliza. Gundi yake iko kwenye ya sita tu. Tazama gundi ya huku kwenye ya tatu, Afande. Inang'aa kama rangi ya kucha. Hii haikupikwa kwa unga."

Inspekta akainama mpaka mustachi ukakaribia kugusa daftari. Sajini akaona jambo ambalo hakuliona katika miaka minne ya kufanya naye kazi: mkubwa wake akachukua ile fomu, akaikunja mara mbili, akaikalia.

"Samahani," akasema Mpwa. Upole ulikuwa bado upo, ila umepauka. "Mtaalamu wa mwandiko ana shahada. Mtaalamu wa wino ana maabara. Dada, wewe ni mtaalamu wa nini?"

Sajini akaona joto linampanda masikioni. Swali hilo lilikuwa limemkuta mara nyingi maishani, na kila mara lilimfunga mdomo.

"Si mtaalamu," akasema. "Nasoma tu."

"Basi karatasi ni ileile. Wenyewe wamesema. Labda Mwalimu mwenyewe aliharibu ukurasa, akabandika mwingine. Wazee hukosea."

Hilo lilikuwa neno la akili, na Inspekta akalikubali kwa kichwa. Sajini naye akalikubali.

"Inawezekana. Kwa hiyo tuiulize karatasi." Akaishika karatasi ya pili, akaipinda taratibu kutoka pembeni kwenda ndani, bila kuikunja. Ikapinda kwa hiari, laini kama shuka. Akaishika ya nne. Vilevile. Akaishika ya Mwalimu. Ikabisha. Ikainuka na kurudi, kavu, kama kadi. "Karatasi ina nyuzi ndani, kama ubao. Inakubali kupinda upande mmoja, wa pili inakataa. Daftari lote hili, nyuzi zinatoka juu kwenda chini. Hii moja zinakwenda kwa upana. Ni karatasi ileile, wataalamu hawakukosea. Lakini imelala ubavu."

"Ubavu vipi?"

"Ilitoka kwenye kitabu kikubwa mara mbili ya hiki. Mtu alichomoa ukurasa mkubwa mtupu, akaukata katikati, akaugeuza. Kipimo kikaingia barabara. Nyuzi zikabaki zinakwenda zinakotaka zenyewe." Akamgeukia Mama Vitabu. "Mama, mna daftari kubwa la aina hii? La miaka ileile?"

Mama Vitabu alikuwa amekwisha kusimama. Magoti yalimsumbua, lakini mwendo alioutoa hapo haukuwa wa mtu wa magoti. "Daftari la Magazeti, la kubandikia habari! Mwalimu aliyanunua yote mawili siku moja, duka moja. Nusu yake haikuwahi kubandikwa kitu." Akaingia chumba cha pili. Wakamsikia anaburuta kitu na kukigombeza.

Mpwa akatazama saa yake ya mkononi. "Nina miadi na mjenzi. Nitarudi saa sita."

"Kaa, bwana," akasema Inspekta kwa ukarimu, akiinuka. "Chukua kiti changu."

Mpwa akakaa. Kiti kikalia.

Daftari la Magazeti lilikuwa pana kama mlango wa kabati. Safari hii Sajini hakugusa. Alimpisha Inspekta, naye akalitikisa kwa furaha ya mtoto. Karibu na mwisho, karatasi moja tupu ikateleza na kuanguka sakafuni.

"Pacha!" akapiga kelele Inspekta. "Huyo hapo pacha! Mwenzie yuko wapi?"

"Ndiye huyu anayebisha," akasema Sajini.

Inspekta akaiokota, akailinganisha na karatasi ya Mwalimu: rangi ileile, kipimo kilekile ikikunjwa katikati. Akageuka, na sauti yake sasa ilikuwa ya kazi.

"Mama Vitabu, daftari hili kubwa limeguswa na nani hivi karibuni?"

"Kwangu hapa mtu hagusi kitu bila kuandika kadi. Hata mkuu wa mji akija, kadi. Hata mimi." Akashusha kikasha cha mbao, akapekua kwa kidole gumba, akatoa kadi moja. Hakumpa Inspekta mara moja. Alimtazama kwanza kijana aliyekaa kwenye kiti kinachoyumba, na uso wake ulikuwa na huzuni ya mtu aliyekaribisha mgeni vizuri. "Alikuja alasiri tatu, wiki mbili zilizopita. Akasema anamkumbuka mjomba wake, anataka kuona mwandiko wake, na habari zake za magazetini. Nikamletea yote mawili. Nikamletea na maji ya kunywa. Nikafunga mlango asisumbuliwe na watoto."

Kadi iliandikwa kwa herufi nzuri ajabu, zilizonyooka kama nguzo: Daftari la Wafadhili. Daftari la Magazeti. Siku tatu, saini tatu.

"Kusoma daftari si kosa," akasema Mpwa.

"Si kosa," Inspekta akakubali.

"Na hata kama karatasi ni nyingine, nani anajua ile ya kwanza ilisema nini? Labda ilisema hayahaya. Neno la mama huyu ni neno tu."

Na hapo alisema kweli. Karatasi ya zamani ilikuwa imekwisha kuwa majivu mahali fulani. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu. Nje watoto walikuwa wameanza kuimba jedwali la kuzidisha, kwa kuchoka tu, na walikosea saba mara nane wote kwa pamoja.

Sajini akarudi kwenye vidoa vyake.

"Mama, siku Mwalimu alipoandika, ulikuwepo?"

"Nilisimama hapohapo uliposimama."

"Aliandika kwa kalamu gani?"

"Ya wino wa chupa. Na aliujaza! Mwalimu hakujua kutia wino kidogo."

"Akaanika ukurasa ukakauka?"

Mama Vitabu akaanza kucheka, kicheko kilichomtoka bila kumwomba ruhusa. "Ukauke wapi! Watoto walikuwa mlangoni wanapiga teke. Akafunga daftari pwaa, akasema, 'Fungua mlango, mama, wasije wakauvunja kabla haujawa wao.' Nikamwambia, Mwalimu, wino! Akasema, 'Wino utajijua.'"

"Afande," akasema Sajini, "tazama ukurasa wa kushoto. Hakuna aliyeuandika. Lakini una vidoa, na vidoa vimekaa kwa mistari. Nimevihesabu. Mistari saba. Ukurasa wa kulia una mistari mingapi?"

"Mitano."

"Wino mbichi ulijibandika huku daftari lilipofungwa. Maandishi yamegeuka, ya kulia yako kushoto. Huyu bwana aliyeleta karatasi mpya ni mchoraji. Mchoraji hafungi kazi mbichi. Aliiacha ikauka vizuri, ndiyo maana yake haikuacha kitu."

Mpwa akalivuta bomba lake la michoro kifuani.

"Kabla hatujasoma," Sajini akaendelea, na sasa alikuwa anaongea haraka, haya zake zimesahaulika mahali, "mama atuandikie mstari wa saba. Wa mwisho. Atuandikie anavyoukumbuka, akunje, wewe Afande uushike. Asije mtu akasema tumemfundisha."

Mama Vitabu akaandika bila kufikiri. Akakunja. Inspekta akakitia kikaratasi ndani ya kofia yake, akaivaa kofia.

"Haya. Tunasomaje maandishi yaliyogeuka?"

"Kwa kioo, Afande."

"Kioo tutakipata wapi saa hizi?"

Sajini alitazama tu mfuko wa shati la mkubwa wake. Mama Vitabu naye akautazama. Hata Mpwa akautazama. Inspekta akatoa kile kioo kwa heshima ya mtu anayetoa bastola.

"Nilikuwa nacho kwa ajili ya kazi," akasema.

Wakalisogeza daftari dirishani. Kioo kikasimamishwa pembeni, kikainamishwa, kikakataa, kikapata mwanga. Vidoa vikasogea, vikashikana mikono. Si vyote. Maneno mengine yalikuwa yamekwenda na miaka. Lakini kwenye mstari wa kwanza lilionekana neno "natoa," zito, lenye tone la wino kwenye mkia, na kwenye wa tatu "siku zote," na wa tano "wala wa ukoo wangu asi…" halafu ukungu.

"Wa saba," akasema Inspekta. Alikuwa ameshusha sauti kama mtu aliye karibu na ndege. Akasoma neno kwa neno, akipumzika pale macho yalipokwama. "'Na… asiulizwe mtu… kwa nini anasoma… kisicho cha kazi yake.'"

Akavua kofia. Akafungua kikaratasi. Akasoma, mara moja, kimya. Kisha akakigeuza kila mtu aone.

Na asiulizwe mtu kwa nini anasoma kisicho cha kazi yake.

Inspekta akamtazama sajini wake kwa muda mrefu. Mustachi ukacheza.

"Mzee huyo," akasema, "alikuwa ananisema mimi kabla hajanijua."

Kiti kikalia. Mpwa alikuwa amesimama, na mikono yake mizuri ililikumbatia bomba la michoro.

"Kalamu ya mjomba na chupa ya wino nilizikuta kwenye sanduku lake," akasema, kama mtu anayeeleza kazi aliyojivunia na ambayo hatapata wa kumsifu. "Mwandiko nilijifunza miezi minne. Kila kitu nilikipima. Kila kitu."

"Kwa rula," akasema Inspekta. "Twende, bwana. Utatueleza njiani." Mlangoni akageuka. "Sajini, hilo darasa la Jumamosi. Wazee wanapokelewa?"

"Wanapokelewa, Afande. Lakini wote wanaanza kwa kufagia."

"Kufagia! Mimi, Inspekta?" Akafikiri. "Na yale mengine, nyuki, viatu. Mwanzo kabisa wa tabia hii, ulisomea wapi?"

"Shule," akajibu Sajini, kama alivyojibu siku zote.

Inspekta akaondoka akicheka. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa sita. Mama Vitabu akachukua funguo zenye kitambaa chekundu, akazibusu, akaufungua mlango mkubwa, na watoto wakaingia kama maji yaliyovunja ukingo, wakigombania madirisha, wakiulizana saba mara nane ni ngapi. Mama akapiga kelele za kuwatuliza, na kelele zake ndizo zilizokuwa kubwa kuliko zote.

Sajini akabaki kuandika ripoti. Akaandika vipimo, kadi, gundi mbili, mistari saba. Akatia saini. Alikuwa anafunga kalamu alipomwona Mama Vitabu anapiga magoti, taratibu, kwa kuushika ukuta, mbele ya rafu ya chini kabisa karibu na dirisha la nyuma. Alikuwa anatoa vitabu kadhaa na kuweka vingine: kimoja cha madaraja, kimoja cha mizizi ya miti, kimoja cha kupima upepo. Rafu nyingine zote zilikuwa na vibandiko. Hiyo haikuwa na kibandiko.

Sajini akaenda, akapiga magoti kando yake, akampokea vitabu.

"Asante, mwanangu. Magoti haya. Lakini leo ni Jumatatu, na hii siiachi."

"Najua, mama."

Mama Vitabu akasimamisha mkono.

Sajini akatazama vitabu alivyovishika, siyo uso wa mtu, kwa maana usoni asingeweza. Masikio yalimwaka. Lakini asubuhi ile alikuwa amezungumza kuliko mwezi mzima, na mdomo ulikuwa bado una joto.

"Nilidanganya nilipomwambia Afande ni shule. Shule niliacha darasa la tano; mtihani nilikuja kuufanya ukubwani. Nilikuwa nakuja hapa, nakaa hapa chini, kwa sababu niliona haya kuomba vya juu. Wiki ya kwanza kulikuwa na kitabu cha nyuki. Wiki ya pili viatu. Halafu nyota. Nilidhani vinajibadilisha vyenyewe. Halafu Jumatatu moja nikafika mapema, nikakuona umepiga magoti hivihivi. Nikarudi nje, nikangoja umalize, nikaingia kama sijui kitu. Miaka yote hiyo, mama, nilijua ni wewe. Sikusema asante kwa sababu niliogopa nikisema, utaacha."